Bluu ya Tausi kwenye Nchi ya Udongo Mwekundu

Udongo wa huku kwetu Nyamigogo, mkoani Kagera, ni mwekundu, na wekundu wake haubaki shambani. Uko kwenye matofali ya kuchoma, kwenye vumbi la kiangazi linaloingia mpaka kabatini, kwenye tope la masika linalorukia kuta. Ndiyo maana wenye nyumba wengi wakifika hatua ya rangi hukimbilia krimu au pichi, wakiamini kwamba rangi inayokaribiana na vumbi italificha. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini inatuachia sebule ambazo jicho halina pa kutulia: sakafu nyekundu, ukuta wa pichi, kochi la kahawia, vyote ukoo mmoja. Ushauri wangu kwa anayejenga au anayekarabati huku Ngara na Biharamulo ni kutafuta bluu iliyokolea inayoelekea kijani, ile ya shingo ya tausi au ya Ziwa Victoria mvua inapokaribia, na kuipa ukuta mmoja unaoistahili.

Sababu yangu ni udongo wenyewe. Wekundu wetu una machungwa ndani yake, na kwenye duara la rangi wanalotumia wachoraji, kinachokaa upande wa pili wa wekundu wa namna hiyo ni bluu yenye ukijani. Rangi mbili zinazokabiliana hivyo zikiwekwa jirani, kila moja huipa nyingine nguvu. Ukuta wa bluu hii ukisimama juu ya sakafu nyekundu ya oksaidi iliyopigwa nta, sakafu huonekana imeiva zaidi, na bluu nayo huonekana ya baridi na ya kina. Ulaya, ambako bluu za namna hii zimependwa sana miaka ya karibuni, watu hununua mazulia ya rangi ya kutu na mito ya ngozi ili kuipatia mwenza. Sisi mwenza wake tunamkanyaga kila siku.

Kazi inaanza na mwanga, kabla ya kopo lolote kununuliwa. Ukuta wa krimu hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga. Bluu hii hurudisha chini ya sehemu moja ya kumi, iliyobaki inaimeza. Kwenye nyumba yenye madirisha mapana si neno. Lakini tazama dirisha la kawaida la huku: futi nne kwa nne, nondo, wavu wa mbu, pazia, na nje yake bati la baraza lililoshuka kuzuia mvua. Mwanga ukifika ndani umeshapungua sana. Mtu akipaka kuta zote nne bluu katika chumba cha namna hiyo, atawasha taa saa nane mchana.

Kwa hiyo chagua ukuta kwa kufuata jua. Sisi tuko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na jua letu huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima. Mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba linapita utosini. Dirisha la mashariki hupokea jua la moja kwa moja asubuhi, la magharibi jioni, na yale ya kaskazini na kusini hupata zaidi mwanga mtulivu wa anga. Ukuta wa kupaka ni ule unaotazamana na dirisha au na mlango wa mbele, ule ambao mwanga unaufikia kwanza. Kamwe usiwe ukuta wenye dirisha lenyewe. Huo umesimama kwenye kivuli chake, na jicho likishapigwa na mwanga wa dirishani huuona mweusi, hata kama umelipia bluu nzuri kuliko zote dukani. Kaa chumbani asubuhi, mchana na jioni kabla ya kuamua. Ukuta utajionyesha wenyewe.

Kwa sebule nyingi ukuta huo ndio ule wa televisheni, na hapo ni mahali pake hasa. Kioo cheusi cha televisheni kwenye ukuta wa krimu huwa kama shimo. Kwenye bluu iliyokolea kinatulia, na waya zinazoning'inia hazipigi kelele. Chumbani, weka kichwani mwa kitanda. Korido nyembamba isiyo na dirisha iache. Jiko la kuni pia liache, kwa kuwa masizi na mafuta yataiua rangi ndani ya muda mfupi, na hakuna anayesugua ukuta wa jiko kila wiki.

Kuna njia nyingine ambayo sote tumekua nayo bila kuifikiria kama pambo. Ingia darasa lolote la shule ya msingi, zahanati au ofisi ya kata: chini, mpaka usawa wa kifua cha mtoto, kuna rangi ya mafuta iliyokolea, juu yake krimu au nyeupe. Serikali iliiweka ili mikono, madawati na ndoo visichafue ukuta. Nyumbani mpangilio huohuo unafaa sana kwa bluu yetu, hasa kwenye chumba kidogo. Ipandishe futi tatu na nusu tu kutoka sakafuni kuzunguka chumba kizima, ukutani juu weka krimu ya maziwa, dari nyeupe. Mwanga unabaki juu ambako unahitajika, rangi inabaki chini ambako macho ya mtu aliyeketi yanatua. Mstari wa mpaka upigwe kwa uzi na kipimo cha maji, kwa maana mstari uliopinda nusu inchi utauona kila siku utakapoketi kunywa chai.

Ukuta wenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hapa nitakaa kidogo.

Rangi nyepesi huficha kasoro. Bluu iliyokolea huzianika: kila alama ya mwiko, kila nundu la lipu, kila ufa mwembamba kama unywele. Lakini adui mkubwa zaidi ni magadi, yaani ule unga mweupe unaochipuka ukutani. Maji hupanda kutoka msingini, hubeba chumvi zilizomo kwenye udongo, matofali na simenti, na yakifika juu ya lipu hukauka na kuziacha hapo. Kwenye ukuta mweupe magadi hukaa miaka bila mtu kushtuka. Kwenye bluu hii hutokea kama mawingu meupe wiki chache tu baada ya fundi kuondoka, na mwenye nyumba hulaumu rangi.

Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zimejengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Ipime yako hivi: kata kipande cha nailoni ngumu cha futi moja kwa futi moja, kibandike ukutani karibu na sakafu kwa tepu kuzunguka pande zote, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, au lipu chini yake imekuwa nyeusi kuliko pembeni, ukuta bado unakunywa maji na haufai kupakwa. Tiba haiko kwenye kopo la rangi. Iko nje: weka mfereji wa bati upeleke maji mbali, jenga ukanda wa simenti kuzunguka nyumba wenye mteremko kwenda nje, punguza udongo uliorundikana juu ya usawa wa msingi, ondoa migomba na maua yanayomwagiliwa ukutani. Kisha subiri kiangazi kimoja kipite. Magadi yaliyokwisha kutoka yasuguliwe kwa brashi ya waya ukuta ukiwa mkavu, vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu. Usiyaoshe kwa maji mengi, kwa sababu maji yatayayeyusha na kuyarudisha ndani, yatoke tena baadaye. Wapo watakaokushauri kuziba unyevu kwa rangi ya mafuta. Ukifanya hivyo maji yaliyofungiwa yatainua rangi kwa malengelenge, kisha itabanduka vipande vikubwa pamoja na lipu.

Lipu mpya nayo isubiriwe, walau wiki nne, na zaidi kama ilipigwa wakati wa mvua. Simenti mbichi ina ukali kama wa chokaa unaoshambulia rangi na kuifanya ibabuke mabaka. Wiki hizo ni ngumu kuvumilia kwa mtu mwenye hamu ya kuhamia, najua, lakini hakuna njia ya mkato.

Baada ya hapo puti, koti mbili nyembamba, na msasa kila koti ikikauka. Wakati wa kupiga msasa, shika taa au tochi ya simu ubavuni mwa ukuta ili mwanga uupite kwa upande, si kwa mbele. Mabonde na vilima vyote vitatoa vivuli, na fundi ataviona. Mwombe fundi afanye hivyo jioni. Kazi ya nusu saa hiyo ina thamani kuliko koti ya ziada ya rangi. Vumbi la msasa lifutwe, kisha praima.

Kununua

Maduka ya vifaa vya ujenzi ya vijijini huweka nyeupe, krimu, pichi, kijani cha shule na bluu ya kawaida. Bluu tunayoitafuta mara nyingi haipo rafuni. Hutengenezwa kwa mashine ya kuchanganyia rangi, na kwa wengi wetu hiyo inamaanisha kuagiza Kahama, Mwanza au Bukoba. Usiagize kwa jina. Mmoja akisema bluu bahari anamaanisha ya anga, mwingine anamaanisha ya kina cha maji. Tafuta kipande cha kitenge, karatasi au kifuniko chenye rangi unayoitaka na umkabidhi anayekwenda. Kipande hakipotoshi ujumbe kama simu, na picha ya simu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa kila kioo kina bluu yake.

Jambo moja lieleweke mapema. Huwezi kupata rangi hii kwa kununua ndoo ya nyeupe na kumimina tinta. Nyeupe imejaa titani, madini yanayofanya rangi iwe nyeupe na izibe ukuta, na hata ukimimina tinta nyingi kiasi gani utaishia kwenye bluu ya maziwa. Ukiendelea kuongeza, rangi haitakauka sawasawa na itashika kwenye nguo za kila anayeegemea. Dukani omba ichanganywe kwenye rangi ya msingi isiyotiwa nyeupe. Kama mashine iko mbali kabisa, nunua bluu iliyokolea na kijani kilichokolea vya kiwanda kimoja na aina moja, uchanganye mwenyewe: anza na vikombe vinne vya bluu kwa kimoja cha kijani, ongeza tone la nyeusi kupunguza ukali, pima kwenye boksi, urekebishe. Andika vipimo. Kisha changanya rangi yote ya ukuta kwa mara moja kwenye ndoo moja kubwa, kwa sababu mchanganyiko wa pili hautafanana na wa kwanza.

Hesabu yake si ngumu. Ukuta wa futi 12 kwa 9 ni kama mita za mraba 10. Makopo mengi huahidi lita moja kufunika mita 10 hadi 12, lakini hiyo ni kwenye ukuta laini. Kwa lipu zetu hesabu 8. Koti tatu za ukuta huo ni mita 30, yaani galoni moja ya lita 4 inakutosha na kubakiza kidogo sana. Kuta nne za chumba hichohicho zingekula zaidi ya lita 12. Hii ni sababu nyingine ya kushauri ukuta mmoja: galoni moja nzuri ni bora kuliko ndoo ya rangi dhaifu.

Koti tatu, kwa sababu bluu isiyotiwa nyeupe haizibi haraka. Unaweza kuokoa koti moja kwa kupaka kwanza andakoti ya kijivu: chukua nyeupe ya bei ya chini, tia tinta nyeusi mpaka ifanane na majivu ya mkaa, paka ukuta mzima. Juu ya kijivu bluu inaonekana imekamilika kwa koti mbili. Juu ya ukuta mweupe inaweza kuendelea kuonyesha mistari mpaka koti ya tatu.

Kuhusu mng'aro: isiyong'aa kabisa ndiyo nzuri kwa macho na ndiyo inayoficha nundu, lakini kila kiganja huacha alama. Silki ina mng'aro mdogo na inafutika. Nyumba yenye watoto wadogo ichukue silki bila kujiuliza mara mbili. Rangi ya mafuta ibaki kwa ukanda wa chini na mbao.

Na kwa rangi ya mafuta, tafadhali soma kopo. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa zenye njano, nyekundu na kijani, zimekuwa zikitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na mtoto hula vumbi la rangi kwa kutambaa na kunyonya vidole. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja za rangi kavu. Tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi na lenye alama ya ubora ya TBS. La bei rahisi lisilo na jina liache, hasa kwa chumba cha watoto. Mlango wa zamani wenye rangi iliyochakaa usisuguliwe msasa ukiwa mkavu. Ulowanishe kwanza.

Kupaka

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinakausha ukuta vizuri, lakini ndicho chenye vumbi. Anayeishi karibu na barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo, ambako malori ya Rwanda na Burundi hayakomi, anajua vumbi linavyokaa hewani. Mwagia ua maji asubuhi, funga madirisha yanayotazama barabara, fungua ya nyuma, anza umande ukiisha. Wakiwepo watu wawili, mmoja atangulie na brashi kwenye pembe na mipaka, mwingine afuate na rola kabla brashi haijakauka. Rangi iliyokolea huweka mstari mahali koti mbichi inapokutana na kavu, na mstari huo hautoki. Kwa hiyo ukuta ukianzwa umalizwe. Simu na chakula vingoje.

Maji ndiyo ya kuangalia zaidi. Kuongeza maji kwenye rangi ili iende mbali ni mazoea ya siku nyingi, na kwenye krimu hayaonekani. Kwenye bluu yataonekana kama madoa ya chai. Koti ya kwanza inaweza kupokea maji kidogo. Za mwisho zisizidi kikombe kimoja cha maji kwa vikombe kumi vya rangi. Zungumza na fundi mapema, kwa heshima, na mlipe kwa kazi badala ya kumpa ndoo na kumwachia faida ya kilichobaki. Usitishike koti ya kwanza ikiwa na mabaka, wala usiihukumu rangi ikiwa mbichi: rangi ya maji hukolea inapokauka. Acha saa nne kati ya koti na koti. Kwa rangi ya mafuta, mpaka kesho yake.

Kama timu ya kupulizia dawa ukoko ya kuzuia malaria inatarajiwa, kama ilivyowahi kufanyika mkoani Kagera, paka kabla haijafika. Rangi mpya juu ya dawa huizika na mbu hawataigusa tena. Na tambua kwamba dawa ya unga huacha ukungu mweupe kwenye ukuta uliokolea. Uvumilie, usiuoshe mpaka muda wa dawa uishe. Usalama wa watoto unatangulia mapambo.

Vitu vya kuzunguka

Ukuta ukikauka, jizuie kuujaza. Kitu cha kwanza ninachopenda kuona mbele yake ni vile vitambaa vyeupe vya kufuma vya kwenye makochi, ambavyo kina mama zetu hufuma kwa mkono na ambavyo kwenye kuta za krimu vimepotea kwa miaka mingi. Mbele ya bluu iliyokolea kila tundu la ufumaji linaonekana. Vikapu vya kusuka na ungo wa zamani vitundikwe, vitatu au vinne, kwa urefu usiolingana. Mbao ziachwe na rangi yake, zipigwe vanishi tu. Picha za harusi na za mahafali zipewe fremu za mbao au za rangi ya shaba badala ya plastiki nyeusi. Mapazia yawe krimu nzito au haradali. Pazia la bluu ya kung'aa jirani na ukuta huu linaufanya uonekane mchafu.

Na kuna pambo moja ambalo sisi wa mpakani tuko karibu nalo kuliko Watanzania wengine wote. Ukivuka daraja la Rusumo na kufuata barabara ya Kigali utafika Nyakarambo, wilayani Kirehe, ambako hutengenezwa imigongo: vibao vyenye matuta ya maumbo ya pembe na mawimbi, yaliyofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha kupakwa nyeusi, nyeupe na wekundu wa udongo. Simulizi za huko humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa aliyeianzisha kwa kupamba nyumba ya kifalme. Kibao kimoja chenye wekundu mwingi, katikati ya ukuta wa bluu usio na kitu kingine, kinatosha sebule nzima. Sijaona picha ya kuchapishwa inayokishinda.

Taa za usiku zina neno lao. Balbu nyeupe kali tunazouziwa zaidi, zilizoandikwa 6500 kwenye boksi, huitunza bluu lakini huwafanya watu waonekane wagonjwa. Za 3000, zenye unjano, huwapendeza watu lakini huvuta ukuta kuelekea kijani cheusi. Zilizoandikwa 4000 ndizo za kutafuta. Ukizikosa, weka yenye unjano chini karibu na ukuta, juu ya meza au kabati, iuangazie kwa karibu. Sola ndogo ya balbu mbili haina budi kuzingatiwa kabla ya kupaka: pima kipande cha boksi ulichokipaka kwa taa hiyohiyo utakayotumia.

Nje

Kwa kuta za nje mawazo yangu ni tofauti. Mvua ikianza, matone hurusha tope jekundu mpaka futi mbili juu, na tope hilo juu ya bluu linaonekana kuliko juu ya rangi nyingine yoyote. Ukanda wa chini nje uwe wa kahawia au wekundu wa udongo, kama wazee walivyofanya.

Halafu kuna mbung'o. Wafugaji na wote wanaopita kando ya mapori ya Burigi na Biharamulo wanafahamu jinsi mbung'o wanavyofuata nguo na magari ya bluu na nyeusi. Ni jambo lililothibitishwa: mtego uliotengenezwa na watafiti Challier na Laveissière mwaka 1973 ulinasa zaidi baadaye ulipotiwa kitambaa cha bluu, na vitambaa vya bluu na vyeusi bado hutundikwa maporini sehemu nyingi za Afrika kuwanasa. Bluu inawavuta, kwenye nyeusi wanatua. Zaidi ya hapo, bluu inayofanya kazi vizuri kwenye vitambaa hivyo ni ya jamii ileile ya kemikali inayotia rangi makopo yetu mengi. Mwenye nyumba karibu na pori, hasa mwenye zizi, asiweke ukuta mpana wa bluu iliyokolea nje. Ndani haina shida.

Nyumba ya tofali mbichi

Nimewaacha mwisho wenye nyumba za udongo, na wao ndio rangi hii inaweza kuwapendeza kuliko wote. Rangi ya dukani isipakwe juu ya ukuta wa udongo. Udongo unapumua, unapokea unyevu na kuutoa. Rangi ya plastiki inauziba, na baada ya masika moja inatoka kama ganda. Ukuta huo unafaa kukandikwa vizuri na, ukitaka, kupakwa udongo mweupe au chokaa. Chokaa unaweza kuitia nili ya kufulia ikawa samawati, lakini usitegemee ifike kwenye bluu iliyoiva, kwa kuwa chokaa yenyewe ni nyeupe.

Bluu yetu iende kwenye mbao: mlango, fremu za madirisha, rafu ya vyombo, kigoda. Mlango wa bluu ya tausi kwenye ukuta mwekundu wa udongo ni mzuri kuliko sebule nyingi za vigae nilizoziona, na unahitaji chini ya lita moja ya rangi. Mlango mmoja una mita za mraba mbili kasoro kila upande. Mbao ya paini au mkaratusi iwe imekauka kwelikweli, vifundo vyenye utomvu vipakwe vanishi ya spiriti kwanza ili utomvu usipenye baadaye. Vua bawaba na kitasa badala ya kuvizunguka kwa brashi. Piga msasa kufuata nyuzi za mbao, paka praima ya mbao, halafu koti mbili za mafuta zikitenganishwa na siku nzima na msasa mwepesi. Ukingo wa juu na wa chini wa mlango, ambao hakuna anayeuona, nao upakwe. Maji huingilia hapo. Rangi itakayobaki itie kwenye chupa ya kioo uijaze mpaka shingoni, uibandike karatasi yenye vipimo vya mchanganyiko, uihifadhi kivulini mbali na watoto, kwa ajili ya mikwaruzo ya mwakani.